Mwenye Betri ya Moyo Asinyang'anywe Jembe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo waliohitimu)



Leo hatuzungumzi juu ya pamba wala choo bora. Leo tunazungumza juu ya watu waliowekewa betri ya moyo, na juu ya kazi zao.

Kwa nini tumechagua jambo hili? Kwa sababu watu hao sasa wapo vijijini. Mtu anarudi kutoka hospitali kubwa. Ana kovu dogo kifuani, chini ya mtulinga. Majirani wanajaa kumpa pole. Baada ya pole zinakuja amri: "Wewe sasa kaa. Usishike jembe. Usipande baiskeli." Mwezi unapita, mwaka unapita, bado amekaa. Kisha ndugu wanaanza kunong'ona: "Huyu shamba la nini tena? Tugawane." Jamani! Mtu yu hai, nanyi mnamrithi?

Sisi tunasema hapana. Betri ya moyo haiwekwi ili mtu akae. Inawekwa ili ainuke. Tuelezane sababu.

Moyo na umeme wake

Hebu kunja ngumi. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tufanye hesabu. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa saa moja ni mara 4,200. Kwa siku moja ni mara 100,800. Mchana na usiku, hauna sikukuu.

Nani anauamuru kupiga? Ndani ya moyo wenyewe mna sehemu ndogo inayotoa umeme mdogo sana. Umeme huo ndio amri. Wakati mwingine sehemu hiyo huchoka, au njia ya umeme hukatika. Hapo moyo hupiga polepole mno, pengine husimama kidogo. Damu haifiki kichwani sawasawa. Mtu huona kizunguzungu, huchoka bure, huanguka na kuzimia.

Wengi wakiona hivyo husema, "Ana kifafa," au "Amerogwa." Siku zinakwenda kwa kuchanjwa chale na kufukizwa dawa. Kumbe huenda ni umeme wa moyo! Basi mtu anayezimia mara kwa mara apelekwe hospitali, apimwe moyo.

Betri ya moyo ni kitu gani?

Ni kikopo kidogo cha chuma, kidogo kuliko kiberiti. Daktari humpiga mgonjwa ganzi, hupasua ngozi kidogo chini ya mtulinga, na kukilaza hapo. Waya mwembamba hupita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Chombo hicho ni kama mlinzi wa zamu. Moyo ukipiga vizuri, kinanyamaza. Moyo ukichelewa, kinaugutusha: piga! Betri nyingi za siku hizi hutambua pia mwili unapofanya kazi, nazo huongeza mapigo. Mnaona? Fundi aliyeitengeneza alijua kwamba mwenye nayo atatembea na kufanya kazi.

Hapa Tanzania betri hizi huwekwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam.

Mtu wa kwanza duniani

Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, nchi ya Uswidi, Bwana Arne Larsson aliwekewa betri ya moyo ndani ya mwili. Alikuwa mtu wa kwanza duniani. Umri wake ulikuwa miaka 43. Kabla ya hapo alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kukaa na kungoja kilio. Aliwafuata daktari Åke Senning na fundi Rune Elmqvist, akawasihi mpaka wakakubali.

Chombo cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, kikaharibika. Hawakukata tamaa. Katika maisha yake Bwana Larsson alibadilishiwa chombo zaidi ya mara 20. Alirudi kazini. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86, kwa saratani ya ngozi. Daktari wake na fundi wake walikuwa wametangulia kufa. Je, kama siku ile watu wangegawana mali yake?

Arudi kazini namna gani?

Hatusemi atoke hospitali leo, kesho akalime ekari moja. Kila jambo lina utaratibu.

Kwanza, wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni za kungoja. Waya bado haujashika vizuri moyoni. Mkono wa upande wenye betri usiinuliwe juu ya bega. Usivute ndoo kisimani, usitwange, usipasue kuni. Lakini mkono huo usifungwe wala usiachwe bila kutikisika, maana bega litakauka. Aoge, avae, ale kwa mkono huo.

Pili, aanze kwa kutembea. Leo mpaka kwa jirani, wiki ijayo mpaka dukani. Kisha apalilie tuta moja, apumzike, apalilie la pili.

Tatu, kipimo cha kazi ni maneno. Ukifanya kazi huku unaweza kuzungumza na mwenzako, kazi hiyo inakufaa. Ukishindwa kumaliza sentensi moja kwa kuhema, pumzika.

Nne, kazi nzito za mkono, kama shoka na kutwanga, amwulize daktari aanze lini na kwa kiasi gani. Watu hawalingani. Mwingine ana betri tu, mwingine moyo wenyewe ni dhaifu pia. Na kama alipewa dawa za presha au za moyo, aendelee nazo. Betri haitibu presha.

Mambo ya kuangalia

Simu ya mkononi aitumie, lakini asiiweke katika mfuko wa shati juu ya betri. Aishike sikio la upande wa pili. Redio asikilize, ila asikumbatie spika kubwa kifuani, kwa kuwa ina sumaku. Jenereta au injini ya mashine ya kusaga ikiwa inanguruma, asiiinamie. Asimame mbali nayo, angalau urefu wa mkono. Kazi ya kuchomelea vyuma asiifanye kabla ya kumwuliza daktari. Na asichanjwe chale wala kuumikwa mahali penye chombo, maana uchafu ukiingia pale ni hatari kubwa.

Akiona kizunguzungu tena, akizimia, akivimba miguu, akihema bila sababu, au kovu likiwa jekundu, likivimba au kutoa usaha, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Betri huisha

Ndugu, hapa tusikilizane vizuri. Betri hii haichajiwi kwa jua wala kwa umeme wa ukutani. Nyingi hudumu miaka kama 8 hadi 12, halafu kikopo chote hubadilishwa. Haipigi kelele kama redio inayofifia. Anayejua nguvu iliyobaki ni mtaalamu wa kliniki, kwa chombo chake cha kupimia. Kwa hiyo mtu anayejisikia mzima na kuacha kliniki anajidanganya.

Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Mgonjwa hupewa kadi. Kadi hiyo ina jina la chombo na tarehe kilipowekwa. Isomeni ninyi wenyewe nyumbani. Andikeni tarehe ya kliniki ukutani. Kama betri iliwekwa mwaka 2022, ukoo uanze mapema kuweka akiba ya nauli na matibabu kila mavuno. Shamba lake mnalotaka kugawana, ndilo hasa litakalomlipia.

Maswali tunayoulizwa

Je, mwenye betri humrusha mtu kwa umeme akimgusa? Hapana. Ule umeme ni mdogo mno. Amshike mtoto, asalimiane na watu.

Je, mume na mke waendelee na unyumba? Ndiyo, kovu likishapona na mtu akijisikia ana nguvu.

Je, mwenye betri hafi? Atakufa, kama sisi sote. Betri huzuia moyo usichelewe, haizuii ajali wala maradhi mengine.

Kazi ya leo

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mwenzako, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Andika namba na tarehe. Mwenye betri amwulize daktari: mapigo yangu yasishuke chini ya ngapi? Aandike namba hiyo nyuma ya daftari. Kila asubuhi ahesabu kabla hajainuka. Ikishuka chini yake, siku hiyo asiende shamba, aende hospitali.

Siku nyingine zote, mpeni jembe lake.