Nyumba ya Kupanga na Fedha ya Mkulima

Hotuba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Leo Chama Kikuu chetu chatimiza miaka kumi. Wenzetu wamekwisha kusema habari za kahawa, mizani na mbolea. Sisi tumepewa kazi ya kusema habari za nyumba, kwa kuwa kesho mtapiga kura juu ya jambo hilo.

Ushirika kuwa na nyumba mjini si jambo geni. Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilijijengea jumba mjini Moshi, lenye ofisi na vyumba vya wageni. Faida yake yaeleweka: kahawa huleta fedha kwa msimu, bali nyumba huleta kila mwezi.

Nasi tulijaribu. Katika mwaka wetu wa tatu tulimkodisha mfanyabiashara mmoja ghala letu zima kwa miaka mitano, kwa kodi isiyobadilika. Tulifurahi kuepukana na taabu ya kufuata wapangaji mlango kwa mlango. Haukupita muda akaligawa ghala vyumba sita, akavipangisha, akawa apokea zaidi ya mara mbili ya alichotulipa. Wala hakutuibia. Mkataba tulioutia sahihi kwa mikono yetu haukumkataza kupangisha, wala haukututengea fungu lolote.

Huko ndiko kukodi kwa jumla. Mpangaji mkuu huchukua nyumba nzima, humlipa mwenye nyumba kodi moja, kisha hupangisha vyumba kwa wapangaji wadogo. Kinachozidi ni chake. Kinachopungua ni chake pia.

Sasa mwenye nyumba mmoja mjini atutaka tuwe mpangaji mkuu wa nyumba yake yenye vyumba kumi vya duka. Wako wanachama wasemao: “Tulivyofanyiwa, nasi tufanye.” Twawaomba tuhesabu kwanza.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba ataka shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mlinzi na matengenezo madogo ni shilingi 150,000. Kila chumba chaweza kupangishwa kwa shilingi 150,000. Vyumba vyote kumi vikijaa, twapokea 1,500,000, na zabaki 350,000. Vikijaa vinane, zabaki 50,000 tu. Vikijaa saba, twapungukiwa 100,000 kila mwezi, na mwenye nyumba hatauliza vyumba vingapi ni vitupu. Atataka milioni yake.

Lakini hatari iliyo kubwa haionekani katika hesabu hiyo. Wanunuzi wa maduka yale ni nani, kama si sisi wenyewe? Bei ya kahawa ikianguka, mkulima haendi dukani, mwenye duka hufunga mlango, na chumba hubaki kitupu. Mwaka huo huo ushuru wa Chama nao hupungua. Basi nyumba ambayo twaitegemea itusaidie mwaka wa njaa yaweza kutudai mwaka huo huo.

Kwa hiyo Halmashauri haisemi tukatae, bali yashauri tusitie sahihi mpaka mambo matano yatimizwe. Kwanza, hati ya nyumba ikaguliwe, na ikiwa imewekwa rehani, mwenye kukopesha akubali mkataba wetu kwa maandishi, ili nyumba ikiuzwa tusifukuzwe pamoja na wapangaji wetu. Pili, mkataba utamke waziwazi kwamba twaruhusiwa kupangisha. Tatu, matengenezo ya paa na kuta yawe juu ya mwenye nyumba. Nne, tuwe na haki ya kuuvunja mkataba kwa taarifa ya miezi mitatu. Tano, kabla ya kuanza, kodi ya miezi sita iwekwe akiba, isiguswe kwa kazi nyingine. Akiba hiyo isipopatikana bila kuchelewesha malipo ya wakulima, basi nyumba hiyo si ya kwetu mwaka huu.

Na ghala letu, ambalo mkataba wake umekwisha, tusilitoe tena kama zamani. Akija mtu wa kulichukua lote, alipe kodi ya chini iliyo thabiti, na juu yake atupe fungu la kila atakachokusanya, nasi tuwe na ruhusa ya kukagua vitabu vyake. Hivyo yeye apate jasho lake, na mwenye mali asiachwe nyuma.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ghala letu halikupotea, lakini faida yake ya miaka mitano ilipotea, nasi tulikuwa tukiitazama kwa macho. Kesho, ndugu zetu, kabla ya kuinua mkono, kila mjumbe na ajiulize kama ataweza kurudi kijijini kwake na kuieleza hesabu hii kwa mkulima ambaye fedha ni zake.

Ushirika udumu.