Kiingereza cha Kidato cha Tano na Akili ya Kudadisi



Tunaambiwa kwamba kijana wa kidato cha tano hahoji kwa kuwa Kiingereza kimemshinda. Kuna ukweli ndani yake. Lakini anayekariri maelezo ya mwalimu kwa Kiingereza fasaha naye hajafikiri. Akili ya kudadisi, aliyoidai Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, haitokani na msamiati peke yake.

Hapa Kihesa mfano hauko mbali. Kule Kalenga limehifadhiwa fuvu lisemwalo kuwa la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954! Gavana Twining alikuwa amelichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa.

Wapeni wanafunzi ibara hiyo, Kiingereza kizito cha wanasheria. Kisha waulizeni: vipimo vile vinathibitisha nini, na haviwezi kuthibitisha nini? Serikali ya kikoloni ilitaka kupata nini kwa kulirudisha? Wabishane kwanza kwa Kiswahili, na Kihehe kikipenya kisifukuzwe. Ndipo waandike insha kwa Kiingereza, kila dai na ushahidi wake.

Kusahihisha kutachosha, maana majibu hayatafanana. Hata hivyo, somo hili halingoji vitabu kutoka Dar es Salaam. Laweza kuanza Jumatatu.