Kazi za Mikono ya Mama Zetu



Katika maadhimisho ya hekalu ni desturi kuwashukuru waliotoa fedha, saruji na marumaru. Shukrani hizo ni haki yao. Leo tunaomba ruhusa yenu tuutaje mchango ambao haukuingia katika daftari lolote la wafadhili, yaani kazi za mikono ya mama zetu.

Tuanzie mlangoni. Toran inayopamba mlango imeshonwa nyumbani kwa vitambaa na shanga, vyombo vya jioni vikiisha kuoshwa. Ndani, tambi za taa zimesokotwa kwa pamba, moja moja, katika kiganja cha mkono. Na katika nyumba zetu kulikuwa na godhadi, tandiko la sari kuukuu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa mishono mifupi mifupi, hata nguo iliyochakaa ikawa joto la mtoto mchanga. Wazee wetu walioifuata reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907, walikuja na mizigo michache. Ufundi wa akina mama haukuhitaji sanduku.

Hapa waliwakuta mafundi wenzao. Mama wa Uluguru huchana ukindu, huutia rangi, husuka ukili mrefu, kisha huunga ukili kwa ukili mpaka mkeka ukamilike. Mwingine hufinyanga chungu kwa mkono, bila gurudumu, na kukichoma katika moto wa wazi. Kule Gujarat gurudumu la mfinyanzi ni kazi ya wanaume kwa jadi. Katika milima hii ufinyanzi ni elimu ambayo mama humrithisha binti yake.

Tutazameni sasa katika usiku tisa wa Navaratri. Tunacheza tukizunguka garbo, chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa. Jina hilo latokana na neno la Kisanskriti, garbha, maana yake tumbo la uzazi. Majirani zetu Waluguru hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa kuwa kwao ukoo, yaani lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya jadi hali kadhalika. Chungu kilichofinyangwa na mama wa mlimani kikibeba taa ya Mama tunayemwabudu, kila kitu kimekaa mahali pake.

Lakini uzuri huu unapungua mbele ya macho yetu. Toran za plastiki zinauzwa tayari, tambi zinakuja katika pakiti, na mkeka wa nailoni umechukua nafasi ya mkeka wa ukindu. Hatumlaumu anayenunua kilicho rahisi. Tunasema tu kwamba mkeka uliochukua siku nyingi kusukwa hupimwa sokoni kwa bei ya ule wa kiwandani, na binti anayeliona jambo hilo hana sababu ya kujifunza.

Historia yatufundisha dawa yake. Mahatma Gandhi alipotaka kufufua usokotaji wa nyuzi, hakuwa na gurudumu la kusokotea wala mtu wa kumfundisha. Aliyelipata ni mwanamke, Gangaben Majmudar, aliyezunguka Gujarat hata akafika Vijapur. Huko magurudumu yalikuwapo majumbani, yametupwa darini kama takataka. Wenyewe wakamwambia kwamba wako tayari kusokota tena, mradi wapate pamba kwa utaratibu na mtu wa kununua nyuzi zao. Ufundi ulikuwa hai. Kilichokosekana ni mnunuzi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mikeka na vyungu vya sherehe zetu vinunuliwe kwa akina mama wa Uluguru, kwa bei inayoheshimu siku zao za kazi. Tambi za taa kuu zisokotwe hapa hekaluni, vijana wa kiume na wa kike wakiketi pamoja na bibi zao. Na kila familia yenye godhadi ya zamani iitoe kabatini, imwoneshe mtoto mishono yake na kumtajia jina la aliyeishona.

Mama zetu hawakuomba majina yao yaandikwe ukutani. Basi na yabaki midomoni mwetu, na ujuzi wao ubaki mikononi mwa watoto wetu.