KUSAFIRI MJINI LONDON BILA KUPOTEA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wanaojitayarisha kwenda masomoni Uingereza.)



Nimeombwa niwaelezeni habari za kusafiri katika mji wa London. Sitawasifia majumba wala madaraja yake. Hayo mtayaona kwa macho yenu. Nataka kuwaambieni jinsi mgeni atokavyo mahali akafika pengine, na la kufanya mkipoteana.

Njia kubwa ya wenyeji ni reli ya chini ya ardhi. Ilifunguliwa mwaka 1863, nayo ndiyo ya kwanza ya namna hiyo duniani. Zamani hizo mabehewa yalivutwa na injini za moshi. Siku hizi huenda kwa umeme. Reli hiyo ina njia 11 na stesheni 272, na kila njia ina jina lake na rangi yake katika ramani. Ramani hiyo aliibuni Harry Beck, nayo ikatolewa kwa watu mwaka 1933. Lakini angalieni: huonyesha mfuatano wa stesheni, haionyeshi umbali. Mgeni hudhani kwamba kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden ni safari, kumbe ni mwendo wa miguu wa dakika chache tu.

Nauli hulipwa kwa kadi. Iguse langoni uingiapo, uiguse tena utokapo. Ukisahau, utatozwa zaidi ya ilivyokupasa. Katika basi huguswa mara moja tu, wakati wa kupanda, na tangu mwaka 2014 fedha taslimu hazipokelewi humo. Katika ngazi ziendazo zenyewe, simama upande wa kuume, uwaachie wenye haraka upande wa kushoto.

Sasa nisikilizeni vema. Mwaka mmoja nilifuatana na baba yangu mdogo, mzee wa miaka sabini asiyejua Kiingereza, aliyekwenda kumwamkua binti yake ambaye ni mwuguzi huko. Tulifika King's Cross, stesheni ambamo njia sita hukutana, na watu walikuwa wengi kama siku ya soko. Gari lilipokuja nikamtanguliza mzee kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu. Mara milango ikafungwa, yeye ndani, mimi nje. Nilimwona akipelekwa gizani, mkono wake juu ya kioo. Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilimkimbilia mtumishi wa stesheni nikamweleza. Akaniambia nipande gari lifuatalo, nishuke Russell Square, stesheni ya pili yake. Nikamkuta mzee ameketi juu ya benchi, fimbo kati ya magoti, ametulia.

Nikamwuliza, "Baba, ulijuaje kushuka hapa?"

Akajibu, "Mwanangu, mbuzi akipotea, humtafuti mwitu mzima, huanzia karibu na pale ulipomwona mwisho. Nilijua hapa ndipo utakapoanzia. Hofu yangu ilikuwa juu yako, usije ukanipita."

Nilitahayari, maana mimi niliyesoma sikuwa nimemwambia neno lo lote kabla ya safari. Basi agizo langu kwenu ni hili: mkiwa wawili au zaidi, patanеni kabla ya kutoka nyumbani. Aliyechukuliwa na gari ashuke stesheni ya kwanza, akae papo hapo. Aliyeachwa amfuate kwa gari lifuatalo la njia ile ile. Wote wawili wasitafutane kwa wakati mmoja, wasije wakapishana. Mzee apande pamoja nawe, mkono kwa mkono. Heshima ya kumtanguliza ngojeni mpaka mlango wa nyumba. Tena kila mtu awe na simu yake, na anwani ya nyumba aendayo imeandikwa katika karatasi.

Mkitatizika, ulizeni watumishi wa stesheni. Kuuliza si ujinga. Nendeni salama, mrudi salama.