Majina ya Komiti Yatamkikayo: Mada kwa Watunga Programu Wasemao Kiswahili



Katika kila mfumo wa kudhibiti matoleo ya msimbo mna kazi moja ambayo mashine huifanya bila taabu na binadamu huifanya kwa mashaka, nayo ni kuitaja komiti moja miongoni mwa maelfu hata msikilizaji aitambue asiichanganye na nyingine. Rai nitakayoitetea mbele yenu ni kwamba jina linalotungwa na mashine kwa ajili ya komiti lapasa kuwa jina la kutamkwa, lililojengwa kwa silabi za lugha ya wale watakaolitamka, wala lisijaribu kubeba maana. Maana ya komiti ni amana ya yule aliyeiandika, na mahali pake ni katika mstari wa kwanza wa maelezo yake.

Zamani taabu hii haikuwako. Marc Rochkind alipotunga SCCS katika maabara za Bell mwaka 1972, na Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alipoifuatishia RCS mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila faili lilikuwa na hesabu yake: 1.1, kisha 1.2, na kuendelea. Subversion, iliyoanza mwaka 2000, ikaipa hazina yote ya msimbo hesabu moja, hata mtu akaweza kumwambia mwenzake kwa simu, "Tazama 1482," na mwenzake akaiona mara moja. Wepesi huo ulitokana na kuwako kwa seva moja iliyogawa namba kwa zamu, mfano wa karani mmoja mwenye daftari moja.

Mwaka 2005 daftari hilo likafungwa. Watunzaji wa kiini cha Linux waliondolewa ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, mfumo wa matoleo waliokuwa wakiutegemea, na Linus Torvalds akaandika Git. Mwaka huohuo Matt Mackall naye akatoa Mercurial. Katika mifumo hii kila mtu ana hazina nzima katika kompyuta yake, na madhali hapana karani, watu wawili wasiowasiliana waweza siku moja kila mmoja kutoa namba 1483 kwa kazi mbili zisizohusiana hata kidogo. Mercurial iliendelea kuonyesha namba, ila kwa matumizi ya hazina ya mtu mwenyewe tu. Git iliziacha kabisa, ikalichota jina la komiti katika yaliyomo ndani yake: mti wa mafaili, komiti iliyotangulia, mwandishi, saa, na maelezo, vyote vikapitishwa katika hesabu iitwayo SHA-1, ikatoka heshi ya biti 160, yaani tarakimu 40 za mfumo wa kumi na sita. Badili mkato mmoja katika maelezo, na jina zima hubadilika. Kwa hiyo jina hili ni ithibati pia, na watu wawili walio mbali huweza kulifikia bila kuulizana. Nayo ni fadhila kubwa ambayo mpango wowote wa majina mepesi usithubutu kuipoteza.

Lakini litazameni linaposemwa. Komiti ya kwanza kabisa ya Git yenyewe, ya tarehe 7 Aprili 2005, huanza kwa tarakimu e83c5163316f. Mtu aliyeko Mombasa akimsomea mwenzake wa Arusha kwa simu, atazitaja tarakimu kwa Kiswahili na herufi kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yetu tuliosoma hesabu katika lugha mbili. Basi E yake itasikika kama i, A yake itasikika kama e, na B, C na D zitafanana katika sikio hata zisitenganike. Msikilizaji ataandika lile alilodhani, kompyuta itamjibu kwamba kitu hicho hakipo, na wote wawili wataanza upya. Aghalabu watu hukimbilia kufupisha. Kwa muda mrefu Git ilitosheka na tarakimu 7; tangu toleo la 2.11 la mwaka 2016 urefu huo umekuwa ukikadiriwa kulingana na ukubwa wa hazina. Na watunzaji wa kiini cha Linux, kila wanapotaja komiti iliyozaa kosa fulani, hutaka ziandikwe angalau tarakimu 12. Ufupi hupunguza mzigo, ila hauzifanyi tarakimu hizo kuwa tamko.

Iko njia nyingine ambayo Git inayo tayari, nayo ni kuitaja komiti kwa nasaba yake, jinsi sisi tunavyomtambulisha mtu kwa kumtaja babu anayejulikana. Amri ya git describe huitafuta tagi iliyo karibu zaidi katika mababu wa komiti, kisha huhesabu komiti zilizoongezeka tangu hapo, ikatoa mathalani v1.4-30, yaani komiti 30 baada ya toleo la 1.4. Ni njia nzuri, nami naisifu kwa matoleo yanayokwenda kwa wateja, kwa sababu yamwonyesha mtu yuko wapi katika safari ya programu. Hata hivyo matawi mawili yaweza kila moja kuwa na ya 30 yake, ndiyo sababu amri hiyo hulazimika kubandika kipande cha heshi mwishoni. Na tagi mpya ikiwekwa karibu zaidi, komiti ileile hupata maelezo mengine. Jina la nasaba halidumu.

Wengine wakaja na orodha za maneno. Mwaka 1995 Patrick Juola na Philip Zimmermann waliitengenezea PGP, programu ya kusimba ujumbe, orodha mbili, kila moja ya maneno 256, ya kwanza ya maneno ya silabi mbili na ya pili ya silabi tatu, yakisomwa kwa kupokezana ili neno likirukwa au kugeuzwa nafasi sikio lishtuke. Mfumo wa S/KEY, wa nywila za kutumika mara moja, ulizigeuza biti 64 kuwa maneno mafupi sita kutoka orodha ya maneno 2048. Tangu mwaka 2013 watu wanaotunza fedha za kidijitali wana kanuni ya BIP-39, nayo pia ya maneno 2048, yaliyochaguliwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zatosha kulitofautisha kila neno. Docker nayo huvipa vyombo vyake sifa ya Kiingereza pamoja na jina la mwanasayansi, ila hayo hutungwa kwa bahati nasibu wala hayatoki katika yaliyomo, na kwa vitu viishivyo muda mfupi hayo yatosha.

Kwa nini basi tusitunge orodha ya maneno ya Kiswahili? Swali hili nimelipima kwa muda, kwa kuwa neno la kweli hukumbukwa upesi kuliko silabi tupu, na anayeitetea orodha hiyo ana hoja. Mazito mawili yananizuia. La kwanza ni upatanisho: jina na sifa katika Kiswahili haviwekwi bega kwa bega kama mawe, bali sifa huifuata ngeli ya jina, na mashine isiyojua ngeli itatuletea fungu ambalo hata mtoto atalikataa. Hili laweza kutengenezwa. La pili haliwezi: neno la kweli huja na maana yake, ikatokea komiti iliyorekebisha hesabu ya malipo ikaitwa hasara-kubwa, na nyingine iliyoleta kosa zito ikaitwa amani-tele. Msomaji wa historia ya mradi, atakayekuja miaka kadhaa baada yetu, atayasoma majina hayo akitafuta ndani yake habari ambayo haikuwekwa na mtu yeyote. Silabi zisizo na maana hazimpotezi. Zamwelekeza moja kwa moja kwenye maelezo ya mwandishi.

Katika njia ya silabi ametutangulia Daniel Wilkerson, ambaye mwaka 2009 alipendekeza majina aliyoyaita proquint: herufi tano, konsonanti na irabu zikipokezana, kila tano zikibeba biti 16. Anwani 127.0.0.1 kwa mpango wake husomeka lusab-babad. Ni kazi nadhifu, lakini kila neno lake hufungwa kwa konsonanti, na kinywa kilicholelewa kwa Kiswahili hakiishii hapo. Kitasema lusabu-babadi, na mwandishi wa upande wa pili ataandika alichosikia. Silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu, na ndizo nilizojengea pendekezo langu.

Tuchukue konsonanti 16 kwa utaratibu wa abjadi: b, ch, d, f, g, j, k, l, m, n, p, s, t, v, w, z. Zitasimama badala ya tarakimu 0 hadi 9 na a hadi f. Nimeiacha r kwa kuwa wasemaji wengi wa bara huibadilishana na l; nimeiacha h kwa kuwa wako waimezao na wako waiongezao; dh, th na gh nazo, japo ni fahari ya matamshi ya pwani, hazitamkwi sawa na watu wote. Tuchukue irabu nne, a, i, o, u, zisimame badala ya 0, 1, 2, 3, na e tuiache kwa kuwa iko jirani mno na i. Sasa kila tarakimu tatu za heshi zitatoa neno moja la silabi mbili: tarakimu ya kwanza na ya tatu ni konsonanti, na ile ya kati hugawanywa kwa nne, hisa ikawa irabu ya kwanza na baki ikawa irabu ya pili. Katika e83, e ni w. 8 kwa nne ni 2 na baki 0, yaani o na a. 3 ni f. Neno ni wofa. Tarakimu 12 za komiti ile ya kwanza ya Git husomeka hivi: wofa-tichi-kafu-chizo. Silabi nane, zote za kawaida, na mtu yeyote aliyefundishwa kusoma Kiswahili ataziandika kama alivyozisikia. Kurudi nyuma kutoka jina hadi tarakimu hakuhitaji daftari wala mtandao.

Kila neno la namna hii hubeba biti 12, yaani linaweza kuwa moja kati ya 4096. Maneno mawili hutoa majina 16,777,216, idadi inayoonekana kubwa, lakini kwa kanuni ya migongano ya bahati nasibu hazina ikifikia komiti kama 4,800 uwezekano wa jozi moja kushirikiana jina hufika nusu kwa nusu. Kwa hiyo maneno mawili yafaa mradi wa mamia ya komiti, matatu yafaa wa maelfu mengi, na manne, ambayo ni sawasawa na zile tarakimu 12, yatoshea hata kiini cha Linux chenye komiti zaidi ya milioni moja.

Kwa kuwa wingi huo wa majina umetawanyika mbali hivi, hata konsonanti zinazokaribiana zapata dawa. Najua b na p, j na ch, g na k huchanganywa na baadhi yetu kwa athari ya lugha za nyumbani. Lakini jina lililosikiwa vibaya karibu kila mara litakuwa jina lisilokuwamo katika hazina, na programu, badala ya kusema tu kwamba haikuona kitu, yaweza kujaribu zile jozi zinazojulikana na kumwonyesha mtumiaji komiti moja iliyo karibu. Tarakimu tupu haziwezi kupewa msaada huo kwa urahisi, kwa maana B, C na D huchanganywa zote kwa pamoja, wala si kwa jozi.

Jambo moja limebaki ambalo lazima litengenezwe kabla ya mtu kuutumia mpango huu. Komiti ya kwanza ya kiini cha Linux katika Git, ya Aprili 2005, huanza 1da177e4c3f4, na kwa kanuni hii neno lake la kwanza hutoka chupi, vazi la ndani ambalo halitajwi kikaoni mbele ya wakubwa. Katika maneno 4096 mengine yatakuwamo mazito kuliko hilo. Napendekeza yakusanywe na watu wa Unguja, wa Lamu, wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Lubumbashi, kwa kuwa tusi la mji mmoja ni neno la hivihivi katika mwingine, na kila lililokataliwa lipewe badala yake neno moja maalumu linaloanza kwa y, herufi ambayo haitumiki kwingineko, ili kurudi nyuma kubaki wazi.

Jina hili lisihifadhiwe popote. Programu na ilihesabu upya kila inapoonyesha historia, na ilipokee kila mtu anapoliandika. Aidha lisitumiwe katu kuthibitisha usalama. Mwezi Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa mafaili mawili yenye SHA-1 moja, na Git imekuwa ikijiandaa kwa SHA-256, iliyoingizwa kwa majaribio katika toleo la 2.29 la mwaka 2020. Ikiwa heshi nzima yahitaji hadhari, maneno manne ni dhaifu zaidi, kwani mwenye nia mbaya na kompyuta ya kutosha aweza kuyabadilibadili maelezo ya komiti yake hata mwanzo wa heshi ufanane na autakao. Anayetia saini au kuhakiki toleo na aisome heshi kamili.

Ninaloliomba kwa semina hii ni uamuzi juu ya utaratibu wa konsonanti zile 16. Ukishatumika, kuubadili kutaipa kila komiti majina mawili, la zamani na jipya, na mazungumzo yaliyohifadhiwa hayatasomeka tena. Mimi nimeziweka j na ch zote mbili. Wako wenzangu waonao kwamba ch iondolewe, y iingie mahali pake, na maneno mabaya yapewe h. Hoja yao ina nguvu, na ningependa tuijadili kwanza.