Baada ya Ablesheni, Moyo Upewe Muda

Msikilizaji, mwaka 1998 daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huchochewa kutoka kwenye mishipa inayoleta damu toka mapafuni. Ndiyo maana leo daktari hupitisha mrija mwembamba kinenani hadi moyoni, akaunguza au kugandisha eneo hilo. Hiyo ndiyo ablesheni.

Kabla yake, utafunga kula na utamtajia daktari kila dawa, hata za miti shamba. Ile ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa uamuzi wako. Kiharusi ndicho tunachokikimbia.

Kinachonisumbua zaidi ni yanayofuata. Wiki ya pili moyo unaanza tena kwenda mbio, na mgonjwa anaamini fedha zimepotea. Hapana! Makovu bado yanakomaa. Madaktari husubiri miezi 2 au 3 ndipo wapime matokeo. Lakini homa, maumivu ya kumeza au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, hata baada ya wiki 3, visingoje kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo, na useme wazi kwamba ulifanyiwa ablesheni ya moyo.