Floraidi katika Maji ya Visima: Tulinde Meno ya Watoto
Hotuba ya afisa wa ubora wa maji katika baraza la wananchi, Kaunti ya Nakuru



Leo tuzungumze kuhusu meno ya watoto wetu. Wako wanaofunika mdomo kwa mkono wakicheka, na wako wazazi wanaolaumiwa eti hawawafundishi watoto kupiga mswaki. Madoa yale ya kahawia si uchafu. Yanaletwa na floraidi iliyo katika maji ya kunywa, na mswaki hauyaondoi.

Bonde letu la Ufa lina miamba ya volkano. Maji yanapokaa chini kati ya miamba hiyo kwa miaka mingi, huyeyusha floraidi. Ndiyo maana visima vingi vya Naivasha, Gilgil, Njoro na Rongai vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, hadi afikapo takriban miaka minane. Ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa ya watu wazima huumia.

Floraidi haionekani wala hainuki. Kuchemsha huua viini, lakini floraidi hubaki palepale. Maji yakipungua sufuriani, yaliyosalia huwa na floraidi zaidi. Klorini pia haiiondoi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kisima kipimwe floraidi kabla ya watu kuanza kukitumia. Pili, tukinge maji ya mvua, kwani karibu hayana floraidi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa ndipo ukinge, kisha uchemshe au utie dawa. Tangi likiwa dogo, maji hayo yawe ya watoto kunywa na kupikiwa. Ya kisima yafue nguo. Tatu, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi, ila mkaa huo hubadilishwa ukiisha nguvu. Nne, tupunguze magadi kwenye maharagwe, kwa sababu nayo yana floraidi.

Meno yaliyokwisha kuota na madoa hayatabadilika kwa kubadilisha maji. Lakini mtoto anayezaliwa mwaka huu, bado tunayo nafasi ya kumlinda.